Nyuma ya Oda ya Sketi

Pale kwenye kiwanda cha kushona sare walimwita Mama Chai, kwa kuwa alifagia, akafuta meza na kuchemsha chai. Alisoma hadi darasa la saba, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Ndiyo maana bintiye alipoinama mezani akikazana na somo la Kiingereza, yeye alimtazama kwa fahari tu. Wiki ile somo lilikuwa la kusema "inasemekana", "inaaminika", "inadaiwa". Mwalimu alitaka sentensi kumi za mambo ambayo watu huyasema, bila kumtaja anayeyasema.

Karatasi haikuwa shida. Kila jioni Mama Chai alibandua kwenye ubao wa kiwandani karatasi za oda zilizokwisha kushonwa, akampelekea binti aandike nyuma, maana nyuma ni peupe.

Asubuhi moja msimamizi, mama wa makamo asiyependa mchezo, alimdaka mlangoni.

"Mama Chai, oda ya sketi mia mbili iko wapi? Ile haijaisha!"

"Ipo, bosi! Nipe dakika tano."

Nyumbani hapakuwa mbali. Alikimbia, akaikuta mezani, akarudi akihema na kuibandika ubaoni. Hakuigeuza kuangalia nyuma. Akina mama wenzangu, hapo ndipo pa kushika kichwa: hakuigeuza.

Mkata vitambaa, mzee mpole wa miaka kumi na mmoja kazini, alikuwa na mazoea yake. Huibandua oda, huilaza kifudifudi mezani na kuandika vipimo nyuma kwa penseli. Siku hiyo penseli iliishia hewani.

"Njoo unisomee," alimwita binti wa kushona vifungo, aliyemaliza sekondari. "Naona neno la kazi yangu hapa."

Binti wa vifungo akasoma, akairudisha mezani.

"Sema, mwanangu. Mimi si yai."

"Inasema... mkata vitambaa wa kiwandani anadaiwa kuficha jora mbili za kitambaa."

Cherehani zikazimwa moja baada ya nyingine.

"Nani anadai?"

"Haijasema, mzee."

"Karatasi ni ya ofisini. Basi ni ofisi." Akavua aproni, akaikunja taratibu kama anayekunja bendera. "Miaka kumi na mmoja! Kumbe mnanisema kwa Kiingereza nisielewe. Nakwenda zangu."

Mama Chai alikuwa amesimama na birika. Alikuwa ameuona mwandiko ule, zile herufi zenye mikia mirefu. Akisema, huenda kazi ikaota mbawa na ada ya shule nayo. Akinyamaza, mzee wa watu anatoka mlangoni na jina la mwizi. Na mzee alikuwa ameshafika kwenye kizingiti.

"Kaka, ngoja!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mwandiko huo ni wa mwanangu."

Msimamizi alikuwa ametoka ofisini kusikia kulikoni. Akaipokea karatasi, akavaa miwani, akasoma kimyakimya. Kisha mdomo ukaanza kumcheza.

"'Mwezi unaaminika kuwa na maji,'" alisoma, akiwageuzia Kiswahili. "'Paka wa jirani anadaiwa kula samaki wetu.' 'Mama yangu anasemekana kukoroma kama cherehani.'"

"Hiyo hata sisi tunaiamini!" mshonaji mmoja alidakia, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mzee hakucheka. "Na jora zangu je? Mtoto hajawahi kufika hapa. Neno hilo kalitoa wapi?"

Kicheko kikakatika. Mama Chai akaweka birika chini.

"Kwangu, kaka. Juzi tukila nilitania kwamba kitambaa kinakwisha haraka, labda unakificha uvunguni. Mzaha tu. Mtoto akaubeba, na kwa somo lile mwenye kusema hatajwi. Mwenye kusema ni mimi. Nisamehe."

Mzee akarudi hatua moja kutoka kizingitini.

"Kwa hiyo si ofisi?"

"Ofisi haijui lolote," alisema msimamizi. "Jora zote zipo, nilizihesabu jana mwenyewe. Na wewe Mama Chai, oda haitoki tena humu bila kuniuliza. Umesikia?"

"Nimesikia, bosi." Yaani hafukuzwi! Machozi mawili ya nafuu yakamtoka.

Mzee akavaa aproni. "Dada, ulitaka kuniua kwa presha. Uvungu wenyewe sina, nalala kwenye godoro chini!"

Jioni ile Mama Chai alimwambia bintiye aandike zote kumi upya: mwezi na paka wabaki, watu wa kazini watoke. Nanyi mnaokula na watoto wenye masikio na kalamu, angalieni mnachotania mezani. Kikishaandikwa hakionyeshi kwamba mlikuwa mnacheka, na mwenye kuitwa mwizi hatajua aende kwa nani kuuliza. Mama Chai aliponea chupuchupu, na usiku alilala fofofo. Kama alikoroma, hakuna aliyemwamsha.