Nyumba Iliyozaliwa Kuukuu

Mwaka wa tisini na tatu nilifukuzwa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na mtu mwenye hati. Shamba lilikuwa la baba yake, na baba alikuwa mtu wa kuongea naye. Lakini mwenye hati akifa watoto wanarithi, na huwa kuna mtoto mmoja aliyesoma, huyo ndiye anakufukuza. Nikasema, sasa nitaenda kuishi kwa serikali. Serikali haizai.

Nikavuka nikaja Gatwekera, huku Kibera, ambako ardhi yote ni ya serikali na hata kuku wanajua. Nikafikia kwa rafiki yangu Seline, tuliyeuza mboga naye miaka mingi. Seline, mume wake Okello na watoto watano walikuwa na chumba kimoja. Mimi nilipewa nafasi kati ya jiko na mlango. Kila aliyeenda choo alfajiri alinikanyaga, na wengine nafikiri hawakuwa hata na haja ya choo.

Wiki ya tatu Okello akaanza kunisalimia hivi: "Mama Murunga, kule Bungoma mvua imenyesha?"

Nilimwelewa. Mtu haulizi mvua ya kwenu mara tano kwa siku kwa sababu anapenda mahindi yako. Lakini Bungoma alikuwako mke mwenzangu Nasambu, na tangu mume wetu afariki Nasambu hakuwa na mtu wa kugombana naye. Alikuwa ameyaweka maneno ya miaka minane, ananingojea mimi. Nilitaka mlango wangu mwenyewe kabla sijayasikia.

Pahali palikuwepo. Nyuma ya chumba cha Seline kulikuwa na choo cha zamani kilichojaa kikafukiwa, na watu wakaona vibaya kujenga juu yake. Nyasi ndizo hazikuona vibaya. Zilikuwa zimestawi pale kuliko uwanja wa mpira.

Shida ilikuwa Chifu wetu. Ardhi ikiwa ya serikali, Chifu ndiye macho yake, na macho ya huyu yalikuwa hayalali. Nyumba mpya hakutaka hata kusikia. Ya zamani ukitaka kuirekebisha, unaomba ruhusa, anakuja kuangalia, anasema sawa. Kwa hivyo nilihitaji nyumba ambayo siku ya kuzaliwa iwe tayari ni nzee.

"Hiyo ni kazi ndogo, Kukhu," akasema fundi Wanzala. Aliniita Kukhu, yaani nyanya, kila alipotaka chai. "Nyumba mpya ndiyo ngumu. Kuukuu hata ikipinda inapendeza."

Tukachagua siku ya Madaraka. Siku hiyo Chifu na askari wake wanaenda uwanjani tangu asubuhi, wamepiga pasi mpaka wanatembea kama mbao. Wanzala alikuja na mkokoteni wa mabati ya kutu kutoka kwa mtu wa skrapu wa Kawangware, na redio shingoni. Redio ndiyo ilikuwa saa yetu. Wanajeshi wakipiga gwaride, tukasimamisha nguzo. Kwaya zikiimba, tukapigilia kuta. Hotuba ya Kiingereza ilitupatia paa.

"Ongeza sauti," nikamwambia. "Bado wanasoma?"

"Wamefika kwa kilimo."

"Asante Mungu. Weka mlango."

Hotuba ya Kiswahili ilipoanza, ile isiyo na karatasi na isiyojua mahali pa kuisha, tukaanza kuizeesha. Seline akakwangua masizi ya dari lake akayapaka langu. Bawaba tukazilowesha maji ya chumvi. Utando wa buibui tuliuhamisha kwa kijiti, mmoja na mwenyewe akiwa ndani, amekasirika. Nikatundika kalenda ya mwaka wa sabini na nane. Halafu Seline akaingia na jiko, akafunga mlango, akakaanga omena. Kwa nusu saa nyumba ikapata harufu ya miaka kumi.

"Yawa," akasema akitoka, macho yanamtiririka. "Hii nyumba imenizidi umri."

Kesho yake asubuhi Chifu akafika, na kofia yake ile ngumu ya kaki, kijiti kwapani. Akasimama mbele ya mlango wangu kwa muda mrefu.

"Mama, hii nyumba ilikuwa hapa?"

"Wapi, Chifu?"

"Hapa."

"Kwani nyumba huwa zinaenda wapi?"

Akaingia. Akanusa, akarudi nyuma kidogo. Akagusa masizi, akaangalia kidole. Akaisoma kalenda. Nikaona uso wake unalegea, nikaanza kushukuru kimoyomoyo. Ndipo akainama, akachungulia chini ya kitanda nilichoazimwa.

Nyasi. Masizi tulikumbuka, buibui tukambeba kama bibi harusi, lakini nyasi za sakafuni hatukung'oa hata moja. Zilikuwa zimesimama pale chini ya kitanda, kijani kabisa, zinamwangalia Chifu.

"Mama. Ndani ya nyumba kunaota nyasi?"

Seline, aliyekuwa mlangoni, akajifunika mdomo kwa leso.

"Chifu," nikasema, "nyumba ikizeeka sana, nyasi zinarudi kwao."

Akafikiria. Nilimwona anafikiria, maana alifunga jicho moja. "Hiyo ni kweli," akasema. "Kwetu pia." Na hapo tungemaliza salama kama angetoka kwa haraka. Lakini alipita akishika ukuta, kutu ikamwagika, na chini ya kutu kukatokea rangi nyeupe. Akapangusa kwa mkono. Akapangusa tena kwa leso yake ya mfukoni. Herufi zikajitokeza, kama zile za namba ya magari ya wakubwa: GK. Na chini yake: STOO 4.

Mimi nilimwangalia Wanzala, aliyekuwa amekuja kutafuta chai. Wanzala aliangalia mbinguni. Yule mtu wa skrapu hakuwa amemwambia mabati yametoka wapi, naye Wanzala hakuuliza, kwa sababu fundi mzuri haulizi.

Chifu alijinyoosha kama bendera inapandishwa. "Hii," akasema polepole, "ni stoo ya serikali." Kisha akanigeukia. "Na wewe unafanya nini ndani ya mali ya serikali?"

Hebu nisaidie wewe unayesoma. Nikisema nimeijenga jana, inabomolewa, naenda kwa Nasambu. Nikisema nimeikuta tu nikaingia, natolewa, naenda kwa Nasambu. Barabara mbili, na mwisho wa zote mbili ni yule mwanamke amekaa kwa kigoda, ananingoja.

"Chifu, ukweli ni kwamba jana..." Wanzala akaanza. Nikamkanyaga mguu.

"Ukweli ni kwamba mimi ndiye mlinzi," nikasema.

"Mlinzi! Nani alikuweka?"

"Yule chifu aliyekuwa kabla ya yule aliyekuwa kabla yako."

"Huyo alikufa."

"Nilisikia. Mtu mzuri sana. Alikuwa anaulizia watoto."

"Barua yako iko wapi?"

"Chifu, hebu angalia hiyo paa. Barua ingepona?"

Akaangalia paa. Tundu saba, tulizitoboa wenyewe kwa msumari.

"Mbona hii stoo haimo kwa rejista yangu? Nimekaa hapa miaka sita!"

"Nami nimekuwa nikijiuliza," nikasema kwa heshima. "Nikasema, labda Chifu anajua lakini ana sababu zake. Siku wakubwa wakija kuuliza Stoo ya Nne, atawaeleza."

Hapo ndipo jasho lilimtoka. Akaangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza ng'ombe wa baba mkwe. Akaingia ndani tena, akakaa kitandani, akavua kofia akaiweka kando, akatoa karatasi, na kutoka mfuko wa shati akatoa muhuri uliofungwa kwa kamba.

"Jina?"

"Nasike. Mama Murunga."

Akaandika huku midomo ikitembea. Akapiga muhuri, akaupulizia. Tukatoka wote nje kwenye mwanga, nikamwomba nisome, kwa maana mimi nilifika darasa la sita na sikuenda kulala huko. Iliandikwa kwamba Mama Nasike ni mlinzi wa Stoo ya Serikali Nambari Nne. Kwamba atalala ndani ya stoo mpaka serikali itakapoihitaji. Na kwamba asimruhusu mtu yeyote kuingia, wala kitu chochote kilichomo kutolewa, bila barua ya ofisi.

"Mpaka serikali itakapoihitaji," akaninong'oneza Seline kwa wasiwasi. "Mama Murunga, si watakutoa?"

"Siku serikali itahitaji hii," nikamwambia, "sote tutakuwa tumehamia Uganda."

Nikaikunja karatasi, nikaiweka kifuani, mahali ambapo hata mwenye hati wa Kongo hangethubutu kuitafuta. Nikaingia kwangu. Nikafunga mlango, bawaba zikalia vizuri, nikatia komeo. Nilisimama pale ndani peke yangu, hakuna wa kunikanyaga. Nikasikia Chifu anakohoa nje.

"Mama."

"Naam, Chifu."

"Kofia yangu nimeisahau hapo kitandani."

Nikaiangalia. Ilikuwa imekaa vizuri, kama imepangishwa.

"Naiona, Chifu," nikasema. "Andika barua."