Wewe Ndiye Uliyetaka

Wazo lilikuwa la Nyanjige mwenyewe, tusimwonee mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mwanaume wake wa kwanza alikuwa na mke Maswa, naye akawa wa mwisho kujua. Alipompata Januarius, muuza mbegu na dawa za pamba pale Bariadi, akamwambia wawashiane lokesheni kwenye simu, kila mmoja amwone mwenzake alipo. Januarius akakubali, na yake hakuizima hata mara moja.

Mwanzoni ilikuwa raha. Lakini mkuki kwa nguruwe. Nyanjige akienda Lamadi kuchukua dagaa wa biashara, akishuka Dutwa kumsalimia shoga yake Dorkasi, simu inaita hata hajakaa.

"Dutwa kuna nini?"

Anauliza kwa upole. Januarius hajui kufoka, na upole huo ndio uliomtisha Nyanjige. Akilalamika, jibu ni lile lile: "Mimi si unaniona? Wewe ndiye uliyetaka."

Asubuhi moja akaamua. Mahari ingeletwa baada ya mavuno ya pamba, na ng'ombe walikuwa bado kwa wajomba wa Januarius, kijiji jirani na kwao Nyanjige, Shishiyu. Angewahi kumwomba baba yake awakatae. Akazima lokesheni, akamalizia kuuza dagaa wake, mchana akapanda gari la kwao. Njiani alicheka peke yake kwa kujisikia huru.

Vigelegele alivisikia kabla hajafika uani. Mama yake alikuwa akicheza. Januarius alikuwa amekaa na wajomba zake, pikipiki yake pembeni.

"Mwadila, baba," Nyanjige alisalimia.

"Mwadila, mwanangu! Mwenzio kashindwa kungoja pamba."

"Ulipozima nikajua utakuja huku," Januarius alisema, akitabasamu. "Nikaona nitangulie."

"Baba, simtaki. Ananifuatilia kila hatua."

Baba yake, mzee Maige, akamshangaa. "Yule wa kwanza ulilia kwamba hujui anakolala. Huyu anajua ulipo, unalia tena? Ng'ombe wameshaingia zizini, Nyanjige. Nimeshapokea mbele za watu."

"Msimgombeze, baba," Januarius alisema kwa upole. "Amechoka tu na safari. Nitarudi naye mwenyewe."

Mama yake Nyanjige, kwa furaha, akaingia ndani kumfungashia nguo.