Jumatatu ya Queen

Teodora alikuwa akidaiwa sehemu tatu, na kila deni lilikuwa na tabia yake. Kodi ya jengo haikubisha hodi. Ilikatwa humo humo kwenye umeme, na ukinunua umeme wa kwanza wa mwezi unarudishiwa yuniti za kuhesabika, hata pasi unaogopa kuichomeka. Mkopo wa Queen, mkopeshaji wa mtaani, ulikuja na pikipiki kila Jumatatu, ukapiga honi getini mpaka majirani wachungulie. La tatu, mchango wa chama cha kuzikana, lilikaa kimya. Basi hilo la kimya ndilo aliloamua kulionea.

Tena pesa yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Luhende, aliyelala chumba cha uani, miguu imevimba. Alipoacha shamba lake Magu na kuja kukaa kwa mwanawe Ilemela, aliuza ng'ombe wake wa mwisho, noti akazifunga kwenye kitambaa. Kila mwanzo wa mwezi alifungua fundo, akachomoa kiasi cha mchango na kumpa mkamwana wake.

"Mpelekee Paulo, mwanangu. Kula naweza kukosa. Kuzikwa na watu siwezi kukosa."

"Sawa, baba."

Mara ya kwanza alipochepusha pesa ile, nusura airudishe. Lakini mchele wake pale soko la Igoma ulikuwa umedoda, na Jumatatu imefika. Walioshindwa kumlipa Queen mtaa mzima uliwajua: televisheni inaondoka juu ya bodaboda, kochi linafuata kwenye mkokoteni. Teodora akajiambia atarudisha mwezi ujao. Mwezi ujao nao ukaja na Jumatatu zake. Mtu mwenye deni hujidanganya kwa akili nyingi kweli. Mzee ameugua mwaka mzima na hajafa, aliwaza Teodora, kwa nini afe mwezi huu?

Jumapili moja Paulo, mwenyekiti wa chama, alipita akitoka kanisani. Teodora akamuwahi getini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jina la mzee limesomwa leo kikaoni. Miezi miwili hajachanga. Wa tatu ukipita anafutwa, sheria unaijua. Naomba nimwone mwenyewe."

"Ndiyo kwanza amepata usingizi, baba. Jumapili ijayo naleta yote, na faini."

Alimfungia na mchele kidogo aende nao. Alipoingia ndani, mzee alikuwa macho.

"Nani huyo?"

"Mtu wa maji, baba."

"Nilidhani ni sauti ya Paulo. Mwambie aje anisalimie. Tumechimba naye makaburi mengi."

Ni kweli walichimba. Mlima ule wa makaburi ni mawe matupu, na kaburi moja hutaka vijana wengi, nyundo na mitaimbo, wakipokezana tangu asubuhi. Ndiyo maana chama kilianzishwa, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Luhende huyu huyu, miaka ile alipokuwa akifanya kazi mjini. Sheria aliitunga yeye: asiyechanga miezi mitatu anafutwa, na mwanachama atakayeshika jembe kwenye msiba wa aliyefutwa, naye anafutwa.

Jumapili aliyoahidi ilipita, na mwezi wa tatu ukapita. Mzee alikufa asubuhi moja, uji ukiwa bado wa moto kwenye kikombe.

Mashimba, mume wa Teodora, alilia, akampigia Paulo simu, kisha akatoa viti nje na kungoja. Kwa kawaida kabla ya mchana turubai huwa limefungwa, masufuria yamefika, vijana wako makaburini. Mchana ukapita. Mashimba akaenda mwenyewe kwa Paulo, na aliporudi Teodora hakuweza kumtazama.

"Mzee alikuwa anakupa pesa ya mchango?"

"Alikuwa ananipa."

"Iko wapi?"

"Kwa Queen."

Hakumgombeza. Aliketi kwenye kimoja cha vile viti vitupu, na Teodora akaona afadhali angempiga.

Jioni Paulo alikuja peke yake, mikono mitupu, akasimama nje ya geti. Teodora alimpigia magoti mavumbini. Alisema atauza kitanda, atauza mchele wote, alipe malimbikizo na faini juu yake.

"Mchango wa mtu aliyekwisha kufa haupokelewi," Paulo alisema. "Elias alipokufa akiwa amefutwa, mke wake alipiga magoti hivi hivi. Sote tulitaka kumsaidia. Mzee wenu akasema tukivunja sheria kwa ajili ya machozi, chama hakuna. Nilimchukia siku ile." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Inuka, binti yangu. Mimi nina mke, na nina mama mzee. Na wao watataka kuzikwa."

Kesho yake Mashimba alichimba na ndugu yake Masalu, wawili tu. Udongo ulifika magotini, kisha mwamba. Waligonga mpaka viganja vikachubuka, na mwamba ukatoa vumbi jeupe basi. Watu ambao Luhende aliwachimbia baba zao makaburi walitazama kutoka milangoni mwao, wengine wakilia waziwazi, hakuna aliyesogea. Wakamlaza hapo hapo, kina cha mtaro wa maji ya mvua, na kwa kuogopa mbwa wakamrundikia mawe. Teodora alibeba mawe kwa beseni alilokuwa akipimia mchele. Alibeba mpaka Mashimba akamwambia yanatosha, na hayo ndiyo maneno pekee aliyomwambia siku ile.

Jumatatu honi ikalia getini. Teodora aliingia chumba cha uani, akainua godoro, akakuta kitambaa. Ndani zilibaki noti chache, zimekunjwa vizuri, za michango ya miezi ijayo. Alisimama nazo. Honi ikalia tena, na jirani akafungua dirisha. Akatoka nazo.

Queen alizipokea, akazihesabu, akaandika kwenye simu yake.

"Pole na msiba, dada. Kweli wewe ni mteja wa mfano. Hujaniangusha hata Jumatatu moja. Ukimaliza huu nakupandisha, utaweza kukopa mara mbili yake."

"Asante," Teodora alisema, kitambaa kitupu mkononi.