Kidole cha Anayetangulia

Wanaoendesha pikipiki za theluji huku kwetu hawapigiani honi. Mkikutana njiani msituni, anayetangulia hunyanyua mkono na kuonyesha vidole: nyuma yangu wako wawili, nyuma yangu wako wanne. Yeye mwenyewe hajihesabu. Wa mwisho hunyanyua ngumi, maana yake nyuma yangu hakuna mtu, pita kwa raha. Watoto hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa breki. Marehemu mume wangu, Waino, alikuwa akisema mtu anayedanganya kwa vidole hivyo atadanganya hata kanisani.

Waino alipokuwa hai hatukwenda popote kuitafuta theluji. Ilikuja yenyewe mpaka dirishani, na mimi nikilalamika kufagia ngazi. Siku hizi Krismasi inanyesha mvua. Mwaka huu, Januari nzima, majani ya uani yalikuwa ya kahawia na wazi, na pikipiki mbili zimekaa juu ya tela kama ng'ombe waliofungwa zizini. Shemeji yangu Onni, mdogo wake Waino, alishinda na simu mkononi akiangalia wapi kumeanguka nini. Jumamosi moja ya Februari akaja na binti yangu Kaarina, wote wawili wamekwisha vaa suti zao nzito, akasema kaskazini, Ziwa Lamoreaux, theluji inafika magotini. Ni mwendo wa nusu siku kwa gari.

Nikauliza kama barafu ya huko ni nzima.

"Shemeji, wewe ukienda mbinguni utamuuliza Petro kama sakafu imekaguliwa," Onni akasema.

Kaarina alicheka. Ana miaka thelathini na moja, anafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na kitu pekee alichokitaka baba yake alipokufa ni ile pikipiki yake ya manjano. Nikafungasha supu ya njegere kwenye chupa ya chai na mkate wa iliki, nikaenda. Kazi yangu ni ile ile ya miaka yote: wao wanashushwa upande mmoja, mimi nazunguka na pikapu na tela tupu kuwangoja upande wa pili.

Theluji tuliikuta kweli, lakini si kama simu ilivyosema. Chini ya miti ilikuwepo. Kwenye njia ya kawaida iliyopita mabondeni ilikuwa imeyeyuka, matope yamejitokeza. Onni akazunguka na tochi yake ya kichwani, maana ukungu ulikuwa umeanza kushuka, akarudi akisema wataifuata njia ya mto, watokee ziwani, wavuke mpaka ng'ambo. Alikuwa ameona miti ya Krismasi imepangwa juu ya barafu.

Niliposikia hivyo nilitulia. Kwetu, Krismasi ikipita, kila nyumba hutoa mti wake, na wanachama wa klabu ya pikipiki huichomeka kwenye barafu mmoja baada ya mwingine kuvuka ziwa. Waino aliifanya kazi hiyo mpaka alipougua. Alitoboa tundu, akasimamisha mti, akamwagia maji yakaganda. Mti ni njia. Ukiwa katika ukungu, unautafuta mti, halafu mwingine, mpaka ufike. Mbele ya mti unapita kulia au kushoto, kote ni salama, kwa sababu miti imesimama katikati. Na Kaarina baba yake alimzoesha apite kushoto, asile vumbi la theluji la aliye mbele.

"Tutakukuta na supu, mama," akaniambia, akashusha kioo cha helmeti.

Nikazunguka. Ng'ambo kulikuwa na gati la kushushia boti, kando yake mkahawa wa mama mmoja aitwaye Verna, mwenye mikono mipana na kitambaa begani. Ndani walikuwepo wanaume wawili, ndugu, wavuvi wa kwenye barafu, wanakula pai za nyama na viazi. Nikaomba kahawa, nikakaa dirishani. Ziwa halikuonekana. Palikuwa na weupe tu, kama shuka imetundikwa.

Nilikaa mpaka kahawa ikapoa, nikaongezewa, ikapoa tena. Ndipo akaingia mzee wa kijiji cha jirani, Gordy, pua nyekundu, akavua glavu akazitundika juu ya jiko. Verna akamuuliza mbona amechelewa.

"Nimecheleweshwa na wageni wa kusini," Gordy akasema. "Nimepishana na mmoja hapo juu, anatoka ziwani kwenda kijijini. Kaninyanyulia kidole kimoja. Nami mwenye adabu nikasogea pembeni nikamngoja huyo mmoja mpaka masharubu yakaganda. Hakuja mtu. Labda siku hizi huko kwao wanahesabu na kivuli."

Wale ndugu wakacheka. Mimi nikauliza pikipiki ya huyo mtu ilikuwa ya rangi gani.

"Nyekundu. Ina mstari mweupe ubavuni."

Ni ya Onni.

Sikusimama mara moja. Nilijaribu kuipanga njia kichwani. Verna alikuwa amenieleza kwamba ukitoka ziwani unakutana na njia panda: kushoto unakuja mkahawani, kulia unakwenda kijijini. Onni katika ukungu amepinda kulia. Sawa. Kama Kaarina alimfuata, Gordy angemwona. Kama alipinda kushoto, angekuwa ameketi mbele yangu hivi sasa akinywa supu. Hakuwa kulia wala kushoto. Basi hakuwa ametoka ziwani.

"Huyo wa nyuma ni binti yangu," nikasema.

Hakuna aliyecheka tena. Verna akaniuliza waliingilia wapi ziwani. Nikamwambia upande wa mto, maana njia ya bondeni ni matope, na waliona miti ya Krismasi wakaifuata.

Kitambaa chake kilikuwa kinafuta meza, kikasimama.

"Mama," akasema taratibu, "hiyo miti si njia. Ni uzio."

Akanieleza haraka. Zamani na wao waliipanga kama sisi. Lakini miaka hii mitatu barafu ya upande wa mto haigandi vizuri, kuna chemchemi chini, na maji ya mvua yanaitafuna. Wakaacha kuweka njia pale. Wakaichomeka miti kando ya sehemu mbovu, watu wajue mwisho wa barafu nzima. Kibao cha kueleza kipo, lakini kipo hapa gatini, kwa sababu hakuna mwenyeji anayeingilia mtoni. Ukitokea mtoni, kulia kwa miti ni barafu ya kutosha. Kushoto hakuna kitu.

"Wamepita upande gani?" Gordy akauliza.

"Shemeji yangu ametoka, basi alipita kulia," nikasema. "Binti hupita kushoto. Baba yake ndiye aliyemfundisha."

Gordy akachukua glavu zake juu ya jiko, bado zinatoka mvuke, akazivaa. Wale ndugu wakaacha pai sahanini. Mmoja akaenda kuchukua kamba, mwingine akafunga nyuma ya pikipiki yake boti ndogo bapa ya bati. Hawakuulizana nani aende. Walipokuwa wakiwasha, Onni akatokea kutoka upande wa kijiji, peke yake, akavua helmeti akitabasamu.

"Nilipotea kidogo," akasema. "Kaarina kaniacha, eh? Keshakunywa supu yote?"

Nikamtazama tu. Sura yake ikabadilika kabla sijasema neno. Akageuza pikipiki kuelekea ziwani, na Gordy akamshika mpini.

"Wewe baki."

"Ni mtoto wa kaka yangu."

"Najua. Na miti ile umeshaifuata mara moja. Sitaki kutafuta wawili."

Wakaondoka watatu, mmoja nyuma ya mwingine, wakiachiana nafasi ili uzito wao usikandamize mahali pamoja. Taa ya mwisho ikazama ndani ya weupe, sauti ikafuata.

Verna akaniambia nipige honi ya pikapu kila baada ya muda, iwaongoze kurudi. Nikapanda, nikabonyeza, nikaacha, nikafungua mlango kusikiliza. Nikasikia matone yakidondoka kutoka paa la mkahawa. Mwezi wa Februari, matone. Nikabonyeza tena.

Onni alikuwa amesimama kando ya tairi. Nilimpa kikombe cha supu akishike. Akaanza kusema mwenyewe, si kwangu hasa. Kwamba katikati ya ziwa aliiona taa ya Kaarina kwenye kioo. Kwamba baadaye ukungu ulikuwa mzito, na alipopishana na yule mzee alinyanyua kidole kama kawaida.

"Nilinyanyua kidole, shemeji. Sikugeuka."

Kama ningefungua kinywa ningesema jambo ambalo baadaye nisingeweza kulirudisha, na yeye ndiye ndugu pekee wa Waino aliyebaki. Nilibonyeza honi.

Katikati ya honi na honi nikaanza Baba Yetu. Nimeisali tangu sijajua kusoma. Niliisali Waino akikata roho, bila kukwama. Safari hii nilifika mapenzi yako yatimizwe, nikanyamaza. Nilirudi mwanzo. Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje. Hapo nikasimama tena. Nilijua sentensi inayofuata, ilikuwa imekaa kwenye ulimi wangu, na sikuweza kuitoa, kwa sababu niliogopa kwamba Mungu angeisikia na kuichukua kuwa ruhusa. Basi nikawa nasali nusu tu. Nusu, honi, nusu, honi.

Kisha nikasikia injini.

Katika ukungu huwezi kujua sauti inatoka wapi. Onni akasema ni moja. Mimi nikasikia zaidi. Nikawasha taa zote za pikapu. Nikashuka, nikaenda mpaka mwisho wa gati, na Verna akanishika koti kwa nyuma kama mtu anayemshika mtoto karibu na kisima.

Taa ya kwanza ilitokea kwanza kama doa la siagi. Alikuwa Gordy, nilimtambua kwa helmeti yake ya kizamani. Nikamwita. Kwa ile injini hawezi kusikia. Nikajaribu kumsoma kwa jinsi alivyokaa, lakini alikaa tu kama mtu anayeendesha pikipiki. Hakuwa anakimbia. Hilo lilinitia hofu kuliko yote, kwamba hana haraka.

Ndipo akaniona. Akanyoosha mkono wa kushoto juu kabisa, akaonyesha vidole.

Walikwenda watatu. Anayetangulia hajihesabu. Alipaswa kunionyesha viwili.

Alinionyesha vitatu.

Nikasema moyoni nimeona vibaya, ni ukungu, ni machozi. Nikafuta uso kwa glavu. Aliendelea kuushikilia ule mkono juu, vitatu, anakuja polepole, kama mtu aliyebeba kitu asitake kimwagike. Verna nyuma yangu akasema, "Mzee huyu hakosei vidole, mama." Akaniachia koti.

Wa pili alikuwa yule ndugu mkubwa, na mgongoni mwake, kafungwa naye kwa kamba kiunoni ili asianguke, kazungushiwa turubai, kichwa wazi, nywele zimeganda kama vijiti, alikuwa Kaarina. Midomo ilikuwa ya bluu. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yananitafuta.

Wa tatu alipofika gatini akanyanyua ngumi. Nyuma yangu hakuna mtu. Hakuna aliyebaki ziwani.

Tulimwingiza ndani, tukamvua, Verna akamfunika mablanketi na kumkalisha mbali kidogo na jiko, maana joto la ghafla ni baya. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha itwa kutoka mji wa pili. Meno yalipoacha kugongana kidogo ndipo alipoeleza. Barafu haikulia, alisema. Ilikaa chini tu, kama godoro. Pikipiki ikaenda na taa yake inawaka, aliiona ikiwaka chini ya maji. Alishika mti wa karibu. Shina lilikuwa limeganda imara, akajivuta juu yake mpaka tumbo likafika kwenye barafu. Hapo hakujua tena upande upi ni mzima, ukungu kote, akalala kifudifudi akiukumbatia ule mti, akangoja. Alisikia honi. Aliihesabu ile honi, alisema, ili asilale.

Kwenye mkono wa suti yake, iliyotupwa sakafuni, kulikuwa kumenasa uzi wa fedha wa mapambo, ule ambao watu husahau kuutoa kabla ya kutupa mti.

Onni alisimama mlangoni. Hakuthubutu kusogea.

"Ba' mdogo," Kaarina akamwita, "njoo ukae. Unaleta baridi."

Akaja akakaa sakafuni, kichwa karibu na magoti yake, akalia bila sauti. Kaarina akanitazama mimi.

"Mama, pikipiki ya baba imezama."

"Kunywa supu," nikamwambia.

Siku ya pili hospitali ikamruhusu, tukarudi kusini. Onni aliendesha, tela nyuma yetu ilikuwa na pikipiki moja, ikiruka kila tukipita shimo kwa sababu haina mwenzake wa kuikandamiza. Kila baada ya muda aliangalia kioo, si barabara iliyo nyuma, bali kiti cha nyuma, tulipokaa mimi na Kaarina. Kadiri tulivyokwenda, theluji ilipungua kando ya njia, ikawa viraka, ikaisha. Karibu na kwetu mvua ikaanza.

Kaarina alikuwa amelala begani mwangu. Nilidhani amelala. Kisha akauliza, macho amefumba, kama miti ya kwetu tayari imechomekwa ziwani.

Onni akasema ndiyo, wiki iliyopita, yeye mwenyewe alisaidia.

"Itoeni kabla mtu hajaiamini," Kaarina akasema.

Onni aliitikia kwa kichwa. Nikasikiliza pumzi ya Kaarina mpaka ikawa nzito na ya kulala kweli. Ndipo nikaichukua ile sala mahali nilipoiacha, nikajaribu neno la kwanza. Bado lilikuwa zito. Nikalingoja, huku vifuta mvua vikienda na kurudi kwenye kioo.