Rubani Hayumo

Katika miaka yote ya ndoa yake, Neville Tranter hakuwahi kumpa mama mkwe wake zawadi ikadumu. Shali aliirudisha dukani. Kiti cha bustani alimpa jirani ambaye walikuwa hawasalimiani naye. Redio aliisifu sana, kisha akaigawa kwa watu wa kanisa Neville akiwa hapohapo anatazama. Bi Edith hakuwa mkorofi. Aliamini tu kwamba binti yake Brenda angeweza kupata mume mwingine, na hakuona sababu ya kuficha.

Kwa hiyo alipokaribia kutimiza miaka tisini na mitatu, Neville aliamua kumtengenezea kitu ambacho hata yeye angeona haya kukigawa: mfano mdogo wa plastiki wa ndege ya Cyril. Cyril alikuwa kaka pekee wa Bi Edith, rubani wa ndege ya kivita aina ya Hurricane, aliyeondoka asubuhi moja ya Agosti wakati wa vita, akaelekea baharini, asirudi. Yeye hakupatikana, wala ndege yake.

Neville hakuwa mtu wa kubandika plastiki ovyoovyo. Alikuwa na chama cha waunda vindege vya mfano, na wanachama wenzake waliweza kubishana mchana kutwa juu ya rangi moja ya kijani. Alijifungia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba majira yote ya kuchipua. Alipaka masizi kwenye mabomba ya moshi. Mikanda ya kiti aliikata kwenye karatasi ya bati iliyofunika shingo ya chupa ya mvinyo, akaitia vifungo ambavyo bila lenzi huvioni. Ndani ya boksi la vipande kulikuwa pia na rubani wa plastiki, mnene, mikono magotini kama anasubiri kung'olewa jino. Huyo Neville alimtupa siku ya kwanza. Chamani rubani ni mambo ya watoto. Mtu mzima huacha kiti kitupu na mikanda wazi, kazi ionekane. Mwishowe akagandisha kwa gundi kioo cha juu, kinachofunika kiti cha rubani, maana Bi Edith alipofuta vumbi alifuta kwa hasira.

Siku yenyewe ya kuzaliwa, wakijiandaa kutoka, Brenda akainama kuitazama.

"Cyril yuko wapi?"

"Hayumo."

"Naona hayumo. Nakuuliza yuko wapi."

"Brenda, sisi hatuweki rubani. Ndio utaratibu."

"Mama kamngoja kaka yake karibu miaka themanini, wewe unampelekea kiti?"

Gari la taka lilikwisha kumchukua yule mnene. Kibandani alibaki rubani mmoja tu wa akiba, naye Mjerumani. Neville alimfikiria kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akamrudisha kwenye kopo.

Kwa Bi Edith kulikuwa na chai na keki ya limau. Bibi aliivuta ndege karibu, akavaa miwani, akaongeza na lenzi yake ya kusomea magazeti. Akatazama mpaka chai ikapoa.

"Hamna mtu humu."

"Hamna, Mama." Maelezo yote aliyoyapanga Neville garini yalikuwa yamemtoka.

"Mikanda imefunguliwa."

"Ndiyo, Mama."

"Kaifungua mwenyewe?"

Neville akamtazama Brenda. Brenda akaitazama keki.

"Hakuna mwingine wa kuifungua, Mama," Neville akasema.

Bi Edith akaiweka lenzi chini. "Mama yetu alikuwa akimwota," akasema. "Yumo ndani, kafungwa, maji yanaingia. Asubuhi anatusimulia, sisi tunakula mayai. Alipokufa ile ndoto ikahamia kwangu. Sijamwambia mtu." Akakigonga kile kioo cha juu kwa ukucha. "Sasa wewe na akili zako umekifunga kioo. Atatokaje?"

Neville alimwonea huruma. "Nimekigandisha, Mama. Nikikilazimisha kitapasuka."

"Nimekuuliza atatokaje."

Brenda akaleta kisu kidogo cha kumenyea viazi. Neville akakipenyeza taratibu kwenye ukingo wa kioo, jasho likimtiririka, kwa mkono wa mtu anayejua anachoharibu. Pembeni pakalia *ka*. Ufa ukatambaa mpaka katikati, ufa ambao chamani wangeutazama huku wamevua kofia kama mazikoni. Kisha kioo kikaachia, akakirudisha nyuma, akakibana hapo na tone la jemu maana gundi hakubeba.

Bi Edith akainama. Akakiangalia kiti, mikanda, na nafasi iliyokuwa wazi juu yake. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakujishughulisha kuyafuta.

"Hapo anapita," akasema.

Wakati wa kuondoka Neville akanyoosha mkono aisogeze ndege mbali na sahani ya keki, isije ikaangushwa. Bi Edith akampiga kofi mkononi.

"Iache," akasema. "Yangu hiyo."