Msamaha Uliopigiwa Makofi

Mimi ni diwani wa kata ya mashariki katika mji wa Calder Mills, Carolina ya Kaskazini, na kiti hicho nimekikalia zaidi ya miaka kumi. Mkate wangu naupata kwa kuuza bima. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mgeni wa siasa siku nilipofanya nililofanya. Sikuwa mgeni. Nilijua vizuri jinsi neno linavyosafiri.

Mambo yalianzia kwenye mpira wa shule yetu ya sekondari. Vijana wachache wa Kizungu waliketi jukwaani wakawalilia wachezaji Weusi wa timu ngeni mlio wa nyani. Mtu akarekodi kwa simu, na kufika Jumatatu nchi nzima ilikuwa imetuona. Meya wetu, Garrett Pomeroy, Mzungu mpole ambaye machozi yake hayako mbali, akaniita ofisini kwake.

"Roscoe, ndugu yangu, tumeumbuka," akasema. "Nataka kuunda Tume ya Maelewano. Weusi na Wazungu meza moja. Na mwenyekiti nataka uwe wewe."

"Na bajeti ya Alhamisi je?"

Akayakwepa macho yangu. "Hapo ndipo nitakapoihitaji kura yako."

Bajeti ile ilikuwa inalifunga Jumba la Wazee la Mtaa wa Sycamore. Jumba lenyewe liko kando ya reli, na kwetu reli ndiyo mpaka: mashariki Weusi, magharibi Wazungu. Kwa kuwa mji ulikuwa na jumba moja tu la wazee, wa pande zote mbili walikula humo chakula cha mchana na kucheza karata hadi saa tisa. Hakuna aliyeyaita maelewano. Watu walifuata supu ya moto. Mama yangu, Verlene Tindall, mwenye miaka sabini na mitano, hakukosa hata siku moja ya juma.

Hilo nililijua. Nikajiambia mama ana kanisa, ana wajukuu, ana mimi. Alhamisi nikanyoosha mkono. Bajeti ikapita kwa kura nne dhidi ya tatu, kwa hiyo huwezi kusema kura yangu haikuwa na uzito.

Mama hakunigombeza. Alianza tu kuniita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, nipitishie chumvi." "Mheshimiwa, mwambie mkeo ile pai ya viazi vitamu ilikuwa tamu." Nilicheka kama anayetaniwa, lakini kila lilipotoka lile neno nilihisi kama nguo inanibana.

Kikao cha kwanza cha Tume kilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa shule. Tulipanga viti mia tatu, wakaja watu kama arobaini, wengi wao wafanyakazi wa manispaa walioambiwa waje. Profesa mmoja alisema kwa saa nzima. Kisha nikawakaribisha wananchi kwenye kipaza sauti, na wa kwanza kusimama alikuwa mama yangu, amevaa kofia yake ya zambarau ya Pasaka.

"Jina langu ni Verlene Tindall, naishi Mtaa wa Peach," akasema. "Mwenyekiti ananifahamu kidogo."

Watu wakacheka. Mimi nikatabasamu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa kwenye karatasi mmeandika kwamba mnatafuta namna ya kuwakalisha Weusi na Wazungu meza moja. Mimi nilikuwa na meza. Mguu wake mmoja ulikuwa unacheza, tukauwekea kadibodi. Tulikuwa wanne: mimi na Ozella wa huku kwetu, Delmar Stroud na Bi Gertrude wa ng'ambo ya reli. Miaka minne tumegombana juu ya hiyo meza, tumetukanana, tumezikana. Sasa nauliza, maana naona mna profesa hapa: meza yangu mmeipeleka wapi?"

Meya alikuwa ameketi mstari wa mbele akisoma viatu vyake. Niliangalia karatasi yangu, nikaangalia saa iliyokuwa mezani, na Mungu anisamehe, nikasema:

"Asante, Bibi Tindall. Muda wako umekwisha."

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, wala haikujificha: "He! Si mama yake huyo?"

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa risiti, akarudi kukaa.

Mimi ndiye niliyempeleka nyumbani. Tulipofika jikoni kwake aliweka kahawa motoni, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa akaniita kwa jina langu.

"Roscoe, unamjua Delmar Stroud?"

"Yule mzee fundi wa kiwanda cha nyuzi?"

"Ndiye aliyerusha tofali."

Hakuhitaji kusema tofali gani. Mwaka 1974, nikiwa na miaka sita, baba alinunua nyumba magharibi ya reli, na sisi tukawa Weusi wa kwanza katika mtaa ule. Wiki ya tatu, tukiwa mezani, dirisha la sebuleni lilipasuka. Nakumbuka vipande vya kioo ndani ya mboga, na mama akinichambua vioo nywelini. Mwezi haukuisha tukarudi mashariki. Baba alikufa bila kumjua aliyerusha.

"Nani kakwambia?" nikauliza.

"Yeye mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa tatu tunacheza pamoja. Siku hiyo tulikuwa tunawachapa kina Ozella vibaya, na turufu zote ziko kwetu. Akaweka karata zake chini, akasema, 'Bi Verlene, ni mimi.' Nikamwambia, 'Ni wewe nini? Cheza.' Akasema, 'Dirisha.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikachukua mkoba wangu nikaja nyumbani. Siku tisa sikukanyaga kule. Siku ya kumi nikarudi, nikakaa kwenye kiti changu, nikamsogezea karata, nikamwambia, 'Gawa.'"

"Ndiyo hayo tu?"

"Ulitaka bendi ipige?" Akamimina kahawa. "Alilia, kama unataka kujua. Na mimi nililia, lakini nililia hapa, peke yangu. Sasa nakwambia ili ujue ulichokifunga. Sikukupa habari hii ukaitembeze. Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, mama."

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa ofisini kwa Meya.

Nilijiambia naenda kuliokoa jumba. Labda ilikuwa kweli kwa sehemu. Lakini nikiwa mkweli zaidi, nilipokuwa nasimulia niliona uso wa Pomeroy unavyobadilika, na nikanogewa. Nikalitia lile dirisha chumvi kidogo. Nilipofika kwenye "Gawa," nilinyamaza kwanza, kama nifanyavyo kwenye hotuba, ndipo nikalitamka. Meya akatoa leso.

"Roscoe, hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta."

"Kwa hiyo jumba litafunguliwa?"

"Nitalitazama. Nakuahidi nitalitazama."

Januari Meya hutoa hotuba ya mwaka, na televisheni ya jimbo huja. Nilikuwa jukwaani, kiti cha tatu kulia kwake. Katikati ya hotuba aliacha kusoma, akashusha sauti. Akasema katika mji huu yuko fundi wa kiwanda aliyewahi kurusha tofali, na yuko mjane wa upande wa pili wa reli, na wawili hao walikutana kwenye karata. Hakutaja majina. Alipofika mwisho alinyamaza kidogo, palepale nilipokuwa nimenyamaza mimi, kisha akasema, "Gawa."

Ukumbi mzima ulisimama. Watu walipiga makofi, wengine wanajifuta macho. Mimi pia nilisimama. Mikono yangu ilikuwa inapiga makofi, naiona, wala siwezi kusema nilikuwa nimelazimishwa.

Jioni ile simu ikalia.

"Roscoe."

"Naam, mama."

"Ile habari nilimwambia mwanangu. Meya kaambiwa na nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Bima imenifunza majibu. "Na mimi," nikasema.

"Haya," akasema, akakata.

Mji wetu una watu elfu tisa. Kabla ya saa sita mchana wa siku ya pili, kila mtu alikwisha kujua fundi ni nani. Gari la televisheni likaegesha mbele ya nyumba ya Delmar Stroud. Mtu akatupa tofali kwenye majani ya uwanja wake, limefungwa utepe. Wengine wakampelekea keki. Nilisikia keki ndizo zilizomuudhi zaidi.

Siku ya nne nilivuka reli kwenda kwake. Mlango ulifunguliwa na binti yake, Karlene, aliyekuja kutoka Tennessee. Alinitazama kuanzia tai hadi viatu.

"Kama ni mambo ya picha, baba hatoki."

"Mimi ni mtoto wa Verlene."

Akafikiri kidogo, akanipisha. Delmar alikuwa jikoni amevaa koti lake la nje, kama mtu anayesubiri kuchukuliwa. Mzee mrefu, mikono mikubwa, kidole kimoja kilikwisha kuliwa na mashine. Hakuniambia nikae. Nikakaa.

"Bwana Stroud, nimekuja kukuomba radhi. Habari ile niliitoa mimi."

"Najua. Verlene kanipigia." Akakwaruza meza kwa kucha. "Umesikia wanavyonisema huko nje? Kwamba nina moyo wa dhahabu? Ngoja nikwambie, kwa kuwa wewe ulikuwamo ndani. Lile tofali sikuliokota njiani. Nilikwenda nyuma ya ghala nikachagua. La kwanza lilikuwa na ufa, nikaliacha. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na huyu Karlene alikuwa kitandani kwake. Na nilijua kuna mtoto mle ndani. Niliiona baiskeli."

Karlene alikuwa amesimama kwenye sinki, ametugeuzia mgongo. Nilitambua kwamba hayo hakuwahi kuyasikia hadi wiki ile, na aliyemfanya ayasikie hivyo ni mimi.

"Nilikuwa nangoja nikwambie na wewe," Delmar akaendelea. "Nilimuuliza mama yako, niende kwa Roscoe? Akasema, 'Ngoja kwanza. Yule bado anapenda vipaza sauti. Akitulia nitakwambia.' Basi nikawa nangoja."

Akayainua macho kunitazama.

"Sasa niambie, Diwani. Nikikuomba msamaha leo, nitakuwa nimekuomba mimi, au kaniomba Meya nikuombe? Mimi mwenyewe sijui tena. Wewe unajua?"

"Sijui," nikasema.

"Ndivyo mlivyonifanyia."

Nilikuwa nimeingia nikiwa na maneno mazuri, yamepangika. Yote yalikauka. Mtoto aliyechambuliwa vioo nywelini alikuwa amekaa mbele ya mtu aliyerusha tofali, na mwenye deni alikuwa yule mtoto. Nikamwambia, "Nisamehe," na sauti ilitoka ndogo sana.

Hakujibu kama amenisamehe. Alisema tu, "Karlene, mpe kahawa anywe aende." Kahawa ilikuwa ya moto. Niliinywa hivyohivyo, ikaniunguza ulimi.

Februari niliwasilisha hoja ya kulifungua Jumba la Sycamore. Ilianguka, watano kwa wawili. Pomeroy alinipiga bega akasema bado analitazama. Nikajiuzulu uenyekiti wa Tume; akateuliwa mwingine, na mwishoni mwa mwaka wakatoa ripoti yenye picha ya viganja viwili vilivyoshikana, cheusi na cheupe. Wazee wa upande wetu walihamishia karata kwenye chumba cha chini cha kanisa letu. Bi Gertrude alikuja mara mbili, halafu akasema ngazi zinamsumbua magoti. Delmar alihamia Tennessee kwa bintiye kabla miti haijachanua Aprili. Nadhani yeye na mama wanapigiana simu, maana Jumapili baada ya ibada mama huingia chumbani na kufunga mlango. Siulizi. Nilipoteza haki ya kuuliza.

Wanafunzi wa chuo huja kuniuliza kama viongozi wa siasa wanaweza kuponya mambo ya rangi katika nchi hii. Zamani nilikuwa na jibu la dakika ishirini, lenye vichekesho viwili ndani. Siku hizi nawaambia tunaweza kulipia umeme na supu ya mahali ambapo watu wanaponyana wenyewe, na kwamba mimi nilikata huo umeme. Huwa wanaandika sehemu ya kwanza.

Novemba ulikuwa uchaguzi. Nilitaka kuacha, lakini fomu nilijaza. Ile hotuba ilikuwa imenipa jina hata magharibi ya reli; Wazungu ambao hawakuwahi kunisalimu walikuwa wakinishika mkono dukani na kuniita mtu wa maelewano. Nilishinda kwa kura nyingi kuliko wakati wowote katika maisha yangu. Kesho yake nilikwenda kwa mama. Alikuwa anakata mkate wa mahindi.

"Nilikupigia kura," akasema kabla sijavua kofia.

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Nilimtazama yule mwingine, nikaona ni mbaya zaidi."

Akaniwekea sahani. Nikakaa, nikala, na yeye akakaa upande wa pili wa meza akinitazama ninavyokula. Hakuniita Mheshimiwa. Hakuniita kitu chochote.