Laptopu ya Muuguzi

Mtaani walimwita Bisibisi, kwa sababu hakutoka bila bisibisi mfukoni hata akienda msibani. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye meza moja na taa moja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Dada yake mkubwa alikuwa muuguzi aliyestaafu mapema kwa maradhi ya ini. Sasa alilala nyumbani kwa Bisibisi, chumba cha mbele, na aliyemuuguza ni mke wa Bisibisi.

Mke huyo naye alikuwa muuguzi zamani, wodi moja na wifi yake. Miaka kumi na moja iliyopita mtoto wa miaka mitatu alikufa baada ya kupewa dawa kupita kiasi, na jina lililokutwa kwenye karatasi ya dawa lilikuwa la mke wa Bisibisi. Alifukuzwa kazi, akanyang'anywa leseni. Mama wa mtoto alimtemea mate getini, watu wakitazama. Tangu hapo alishona sare za shule, na habari hiyo haikutajwa tena ndani ya nyumba.

Asubuhi moja dada alimwita Bisibisi.

"Mdogo wangu, hebu iangalie hii. Ina homa kunishinda mimi."

Laptopu ilikuwa juu ya mto, imezima. Ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, kona moja imeshikizwa kwa gundi. Bisibisi aliigusa chini, akatoa mkono haraka.

"Inajizima yenyewe?"

"Robo saa tu, kwishnei. Ninachoandika kinapotea."

"Nikuletee nyingine basi. Ninayo moja nyepesi."

"Nyepesi ya nini? Vidole vimekufa ganzi. Hii naijua vitufe vyake bila kutazama. Na mafaili yangu usiyaguse."

"Nani ana muda na mafaili yako? Kwani unaandika nini, wasia?"

Dada hakucheka. "We tengeneza tu."

Mezani kwake Bisibisi alichomoa betri kwanza, kisha akatoa skrubu kumi na tatu na kuzipanga juu ya karatasi kama zilivyotoka. Alipoinua feni aliona kwa nini ilikuwa ikizunguka kwa shida. Nywele. Nywele ndefu za dada yake zilikuwa zimejisokota kwenye mhimili, zimeshikana na vumbi kama pamba chafu. Dawa zilikuwa zimezimaliza kichwani mwaka mzima, naye ameinamia mashine hii. Bisibisi alizitoa moja moja kwa kibano, akazitupa kwenye ndoo, akaenda kunawa mikono.

Akafunga feni mpya. Lile bomba bapa la shaba, linalotoa joto kwenye prosesa na kulipeleka kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vilivyo mbele ya feni, alilipiga brashi tu. Lilionekana zima, na wateja walikuwa wanamngoja.

Kesho yake dada alimpokea kwa macho ya manjano. "Imenila kurasa mbili. Ulifanya kazi au ulinifanyia usanii?"

Aliirudisha mezani, akang'oa lile bomba, akachovya ncha moja kwenye kikombe cha maji ya moto na kushika ncha ya pili. Bomba lisiloharibika lingemuunguza papo hapo. Hili lilibaki baridi, limekufa kwa ndani. Kipimo hicho kilichukua muda wa kunywa funda la maji, na alipaswa kukifanya siku ya kwanza.

Vipuri vya aina ile havikuuzwa tena. Alizunguka kwa mafundi wenzake siku sita mpaka akapata mzoga wa laptopu kama hiyo, kioo kimepasuka. Akachovya bomba lake kwenye maji ya moto. Likamuunguza vidole, akashukuru. Alifuta kwa spiriti pesti ya zamani ya kupitisha joto, iliyokauka juu ya prosesa, akaweka tone jipya dogo kama punje ya mchele, akakaza skrubu nne kwa kupishana, kona kwa kona, ili shaba ilale sawasawa. Aliipa mashine kazi nzito kwa saa tatu. Haikuzima.

Alipoifikisha nyumbani, dada hakuweza tena kuinua mkono.

"Nimechelewa," Bisibisi alisema.

"Umechelewa. Funga mlango. Utaandika wewe."

Alimtajia neno la siri, kisha akamwambia afungue faili lililokuwa peke yake. "Soma mpaka nilipoishia."

Bisibisi akasoma kwa sauti. "Mimi ndiye niliyempa mtoto yule dozi ya pili, bila kutazama karatasi yake. Nilipoona amekufa, nilichana karatasi, nikaandika nyingine, na mahali pa jina..."

Hapo ndipo maandishi yalipokatika.

"Malizia," dada alisema. "Nikaandika jina la wifi yangu."

Nje ya mlango mkewe alikuwa akimimina maji kwenye beseni, maji ya kumwogesha mgonjwa.

"Anakuogesha, dada. Kila siku."

"Namjua anayeniogesha. Andika, nisije nikafa na sentensi mdomoni."

Aliandika. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Dada alitaja zamu, saa, na msimamizi aliyeona akanyamaza. Ilichukua saa nzima, mashine ikivuma kidogo kidogo mapajani. Bisibisi alikwenda kuyachapa maandishi hayo dukani, akarudi, akakichovya kidole gumba cha dada kwenye wino na kukigandamiza chini ya karatasi.

Mkewe aliisoma akiwa amesimama jikoni. Akairudia.

"Ulikuwa unajua?"

"Leo. Naapa, mke wangu, leo."

Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akabeba beseni na kuingia chumbani. Siku nne alimlisha, alimgeuza, alimbadilishia shuka, wala hakumshika kwa ukali. Lakini hakumsemesha. Dada aliita, "Wifi. Wifi yangu," mpaka sauti ikaisha. Siku ya tano, mchana, akakata roho mikononi mwa wifi yake.

Hospitali iliipokea karatasi, ikaigonga muhuri. Baada ya wiki tatu likaja jibu kwamba suala linashughulikiwa. Mkewe hakungoja jingine. Alivaa gauni lake la kijivu, akamwambia mumewe ampeleke kwa mama wa yule mtoto.

Bisibisi alibaki barabarani. Kupitia dirishani alisikia sauti ya mkewe ikisoma polepole, neno kwa neno, kisha kitu cha bati kikianguka sakafuni. Hakuthubutu kuingia.

Mkewe alipotoka, uso wake ulikuwa mkavu.

"Amesemaje?"

"Anasema miaka yote hii kila akiamka ananilaani mimi. Hajui aanze wapi kuacha." Alinyoosha gauni lake. "Amesema nirudi Jumapili. Mumewe atakuwepo. Anataka nimsomee naye."

"Na utarudi?"

"Nitarudi," alisema, akatangulia kushika njia.